Kasi ya Nini?

Neno “kasi” hutumika ovyo tunapolinganisha programu zinazochunguza kama fomula ya mantiki ya kweli na uongo inaweza kutimizwa. Mojawapo, Kissat, ilishinda kundi kuu la mashindano ya kimataifa ya programu hizo ya mwaka 2020, ambako kila fomula ilipewa sekunde 5,000, na isiyotatuliwa ikahesabiwa mara mbili ya muda huo. Je, ushindi huo hautoshi kuiita yenye kasi kuliko zote? Hautoshi. Kundi hilo lilipima fomula mojamoja. Kazi inayoongeza masharti hatua kwa hatua huhitaji maktaba ya programu kama CaDiCaL, inayotunza ilichokwisha kujifunza. Wapo watakaoutetea wastani wa muda wa fomula zote, lakini wastani huficha aina ya kazi. Anayetaja kasi aitaje na kazi yenyewe.