Ufafanuzi wa Jibu la Hitimisho

Jibu la hitimisho ni jibu ambalo halikuandikwa popote katika kanzidata. Kompyuta hulipata kwa kuunganisha kumbukumbu zilizomo na ontolojia, yaani kanuni za kimantiki zinazoeleza aina za vitu na uhusiano wake. Ufafanuzi wake ni kumbukumbu na kanuni zilizolizaa, zile za lazima tu: ukiondoa moja, zinazobaki hazitoshi kulizaa jibu.

Tuseme kumbukumbu ya kanzidata inataja zahanati moja katika kata ya Kibada. Afisa anauliza: vituo gani vya kutolea huduma za afya viko Temeke? Utafutaji wa kawaida hauambulii kitu, kwa kuwa kumbukumbu haitaji Temeke wala kituo cha kutolea huduma. Lakini ontolojia inasema kila zahanati ni kituo cha kutolea huduma za afya, na kila kilichoko Kibada kiko Temeke. Kwa kanuni hizo mbili, zahanati inaingia katika jibu.

Wakati wa sensa ya 2012 jibu hilo lilikuwa sahihi, maana mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wilaya tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Kufikia sensa ya 2022 zilikuwa tano. Kibada imo Kigamboni, iliyomegwa Temeke. Vivyo hivyo, kata ya Goba imo Ubungo, iliyomegwa Kinondoni. Zahanati haikuhama, kanuni ndiyo iliyopitwa na wakati. Afisa anayepewa orodha ya majina peke yake hana pa kuanzia. Anayepewa ufafanuzi ataiona kanuni mbovu mara moja na kuirekebisha.

Ndiyo maana nachagua neno ufafanuzi badala ya uthibitisho. Uthibitisho humfanya msomaji aamini kwamba jambo limekwisha kuwa kweli, ilhali mantiki isiyo na kasoro huweza kuzaa uongo kutoka katika kanuni iliyochakaa. Ufafanuzi huonyesha jibu limetoka wapi, kisha humwachia mtu kazi ya kuhukumu.

Swali la kinyume nalo lina haki ya kujibiwa: kwa nini zahanati fulani haimo? Hapo kompyuta hutafuta kumbukumbu ambayo kama ingeongezwa, jibu lingepatikana.

Dawa na wauguzi huweza kugawanywa kwa orodha za namna hii. Mfumo wowote unaohitimisha kwa niaba ya wananchi uonyeshe ufafanuzi kando ya jibu, kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa mtaa anaweza kukisoma na kukihoji.