Ampli, Bafle na Jenereta: Historia ya Uchaguzi wa Vikuza Sauti vya Gita, kutoka Léopoldville hadi Butembo na Beni

Makala haya yanahusu chombo ambacho wanahistoria wa muziki wa Kongo wamekipita kando. Tumezoea kusoma habari za waimbaji na watunzi, za mitindo ya dansi na za maneno ya nyimbo. Kile kisanduku kinachokaa nyuma ya mpiga gita, ambacho pasipo nacho gita la umeme ni ubao wenye nyuzi tu, hutajwa kwa sentensi moja, kama kinatajwa. Tutajaribu kuonyesha kwamba katika nchi yetu, na hasa huku Kivu ya Kaskazini, uchaguzi wa kikuza sauti aghalabu haukuanzia sikioni. Kabla ya sikio kuulizwa, walikuwa wamekwisha kuamua wengine watatu: mwenye mali, umeme na barabara.

Sisi wanaisimu tuna desturi ya kuanza na jina, na hapa desturi hiyo ina faida. Katika Kiswahili sanifu neno “kipaza sauti” hubeba mzigo mkubwa mno: mara ni kile anachoshika mwimbaji mkononi, mara ni kile kinachotoa sauti ukutani. Kamusi zikaleta “kikuza sauti”, ambalo ni neno zuri, lakini wapiga gita wa Afrika Mashariki wameendelea kusema “amplifaya”. Butembo na Beni hatusemi hivyo. Kwetu ni “ampli”, na sanduku la spika ni “bafle”, na mkusanyiko wote wa kukuzia sauti ukumbini ni “sono”. Maneno yote matatu yametoka katika Kifaransa. Mpiga gita anayevuka mpaka wa Kasindi kwenda Mpondwe, Uganda, akitafuta spea, anavuka pia mpaka wa msamiati: upande huu anauliza bafle, upande ule anaonyeshwa spika. Neno moja tu linaeleweka kote, nalo ni “vyombo”. Kutoka kwalo limezaliwa lile la “mwenye vyombo”, na huyo ndiye atakayetushughulisha zaidi kuliko fundi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Kongo ya Wabelgiji akirekodi muziki. Katika safari hiyo alirekodi nyimbo za Wanande, yaani za nchi hii ya Beni na Lubero, na huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alimrekodi Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili akipiga gita kavu. Ufundi wa Mwenda, wa vidole viwili vinavyofanya kazi ya wapigaji wawili, haukuhitaji umeme. Ulihitaji utulivu. Gita kavu husikika vizuri sebuleni na chini ya mti, lakini katika baa yenye watu mia moja wanaocheza halisikiki. Mji ulipokua na baa zikajaa, gita kavu likawa limekwisha kushindwa kabla gita la umeme halijafika.

Lilifika Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bill Alexandre, mpiga gita wa Kibelgiji, ndiye anayetajwa kuwa alilileta, katika studio ya CEFA. Wakati huo studio nyingine maarufu zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni, kama vile Ngoma, iliyoanzishwa na Mgiriki Nicolas Jéronimidis mwaka 1948, na Loningisa ya Papadimitriou. Jambo la kukumbuka ni kwamba magita na vikuza sauti vilikuwa mali ya studio. Mwanamuziki aliingia na vidole vyake na wimbo wake, akatoka navyo, ampli ilibaki. OK Jazz ilipoundwa mwaka 1956, ikichukua jina lake kwa OK Bar ya Oscar Kashama, hali haikuwa tofauti sana: wapigaji walicheza kwa vyombo visivyo vyao. Ndiyo sababu mgogoro wa bendi za Kongo mara nyingi umekuwa mgogoro wa vyombo. Mwimbaji aliyekasirika angeweza kuondoka na sauti yake akaanzisha bendi kesho, lakini mpiga gita alipaswa kwanza kumtafuta mwenye vyombo mwingine.

Haikuwa hivyo Kongo peke yake. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa. Vyombo vilinunuliwa na mwajiri kama vile meza na mashine za kuandikia zinavyonunuliwa. Huko mwenye vyombo ni taasisi, Léopoldville ni mfanyabiashara. Kwa mpiga gita mwenyewe tofauti si kubwa.

Hapana budi kueleza kidogo jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu historia yake imo ndani ya waya zake. Vikuza sauti vya kwanza vilitumia vali, yaani vichupa vya kioo vyenye nyuzi zinazopata moto. Vali ikisukumwa kupita uwezo wake haikati sauti ghafla, bali huilainisha na kuikwaruza kidogo, na wapigaji wa Marekani na Uingereza waliupenda ukwaruzo huo mpaka ukawa mtindo. Vox AC30 ya Waingereza, yenye wati 30, na Fender Twin Reverb ya Wamarekani, iliyotoka mwaka 1963, ni za jamii hiyo. Twin Reverb hukaa safi hata ikipigwa kwa nguvu. Ina uzito wa karibu kilo 29. Mwaka 1975 kampuni ya Roland ya Japani ikatoa JC-120, ambayo haina vali hata moja. Inatumia transista, ina spika mbili, na sauti yake ni safi kabisa, yenye mtikisiko kama wa magita mawili yanayopigwa pamoja.

Msomaji anayejua sebene ataona mara moja kwa nini jambo hili linatuhusu. Gita la Kikongo halitaki ukwaruzo. Solo, mi-solo na gita la kusindikiza husukwa kama ukili, na kila uzi sharti uonekane. Sauti ikichafuka, magita matatu huwa moja tena baya. Kwa hiyo kile wapigaji wa roki walichokiona kuwa upungufu wa transista, yaani usafi uliozidi, kwetu kilikuwa sifa. Kusema kwamba bendi za Kongo zilichukua transista kwa umaskini tu ni kuusikiliza muziki huu kwa masikio ya London.

Mwezi Septemba 1974 Kinshasa ilipokea tamasha la Zaire 74, lililowaleta James Brown, B.B. King na Celia Cruz jukwaa moja na Franco na Tabu Ley. Sauti iliyojaza uwanja ilitoka katika mitambo iliyosafirishwa kwa ndege, na tamasha lilipokwisha mitambo ikarudi ilikotoka. Jijini humo humo tangu miaka ya 1960 Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 walikuwa wakikuza sauti za likembe kwa sumaku zilizotolewa katika vyuma chakavu vya magari, na kwa vipaza sauti vya enzi ya ukoloni. Dunia ilikuja kuwasikia kwa albamu yao Congotronics ya mwaka 2004, na ikaustaajabia ukwaruzo wao kana kwamba ulikuwa falsafa. Ulikuwa pia jawabu la swali la kawaida sana: tukuze sauti kwa kitu gani, ikiwa dukani hakuna kitu?

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alikuwa ametangaza kuyatwaa maduka na mashamba ya wageni. Mikoani, wafanyabiashara wa Kigiriki na wa Kihindi waliokuwa wakiagiza bidhaa waliondoka. Huko Butembo pengo hilo lilizibwa na wafanyabiashara Wanande, ambao baadaye waliunganisha mji huu na Dubai, Hong Kong na Guangzhou kwa njia ya bandari ya Mombasa. Kwa hiyo bafle lililo katika kanisa la Butembo halikupita Kinshasa. Lilikuja kutoka mashariki, kupitia Kampala na Kasindi, likiwa limefungwa pamoja na vitenge na vipuri vya pikipiki. Na aliyelichagua alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akichagua kasha zima.

Biashara hiyo ilileta tatizo jipya, la wati. Sanduku huandikwa wati 1,000, mnunuzi akafurahi. Lakini hizo ni wati za kilele, za kufumba na kufumbua, na nguvu ya kudumu ni sehemu ndogo tu ya hizo. Hata wati za kweli haziongezi sauti kama watu wanavyodhani. Kutoka wati 50 hadi 100 ongezeko ni desibeli 3 tu, ambalo sikio hulitambua kwa shida kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu huhitajika nguvu mara kumi. Spika nzuri yenye ampli ndogo hulishinda sanduku la maandishi makubwa. Hili lingefaa kufundishwa katika kwaya zetu, maana leo mwenye vyombo mkuu wa Butembo na Beni ni kanisa, na vijana wengi hapa walishika gita la umeme kwa mara ya kwanza madhabahuni.

Tena kuna umeme. Kwa miongo mingi Butembo, mji mkubwa wa biashara, ulikaa nje ya gridi ya taifa, ukiishi kwa jenereta za watu binafsi. Kituo kidogo cha maji cha Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kilianza mwaka 2013 kwa kilowati 400 hivi, na kile cha Luviro upande wa Lubero kikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2020. Jenereta ndogo haitoi volti 220 zilizotulia: bendi ikipiga besi kwa nguvu, taa hufifia, na ampli nayo huyumba. Vali, zinazotaka joto na volti thabiti, huteseka zaidi. Ampli iliyotoka Marekani, ya volti 120, huhitaji transfoma, na transfoma ni kilo nyingine za kubeba. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, kutoka Beni hadi Kasindi kama 80, na vichupa vya kioo havijapenda hata moja.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, anayezunguka na bendi katika barabara hizi atafute ampli ya transista ya wati 50 au 60, spika moja ya inchi 12, inayobebwa na mtu mmoja. Studioni hoja ni nyingine kabisa. Maikrofoni huwekwa sentimita chache mbele ya spika, na ampli ya vali ya wati 5 hutosha. Ukubwa wa sauti huko ni adui, hasa kama jirani ana jenereta. Wengi wamekwisha kuacha ampli kabisa, wakaingiza gita moja kwa moja katika kompyuta, nayo programu ikaiga Vox au Fender ambazo mpigaji hajapata kuziona. Sauti ni nzuri kuliko wazee wanavyokubali. Kinachopotea ni ile hewa inayosukumwa na spika, ambayo mpigaji huisikia mgongoni na kuijibu kwa vidole.

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamefunga barabara mara kwa mara. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola ilizuia mikusanyiko. Na tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Tamasha linalopaswa kwisha kabla ya giza, na bendi inayopaswa kufunga vyombo kwa dakika kumi na kuondoka, huchagua ampli kwa kipimo ambacho hakimo katika orodha ya mtengenezaji yeyote: je, inaingia nyuma ya pikipiki?