Makazi ya Mdudu Kibibi

Fomu ya sensa ya wadudu vibibi huwa na safu nyingi, na inayoonekana nyepesi kuliko zote ni ya makazi. Jina la spishi linataka mtaalamu mwenye darubini. Tarehe, mahali na mwinuko siku hizi hutolewa na simu. Makazi hujazwa na yeyote aliyeshika kalamu: "shamba la maharage", "kahawa", "kando ya ziwa". Ninavyoona mimi, safu hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na ugumu wake umo ndani ya neno lenyewe. Anayeandika kwamba mahali fulani ni makazi ya kibibi fulani ametoa dai zito kuliko anayesema alimwona pale, na madai hayo mawili huchanganywa kwa urahisi kana kwamba ni kitu kimoja. Wilaya ya Mbinga, pamoja na ile ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Kwa mwendo mfupi nchi inapanda kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, hadi milima ya Umatengo inayokaribia mita 2,000, na njiani mazao yanabadilika kutoka muhogo na mpunga hadi kahawa, mahindi na maharage.

Istilahi wanayoitumia wanabiolojia kimataifa ilianza kama kitenzi cha Kilatini chenye maana ya "hukaa". Wataalamu wa karne ya 18, akiwemo Carl Linnaeus, walipoeleza mmea waliandika kitenzi hicho kisha wakataja mahali. Baadaye kitenzi kikageuka nomino. Kiswahili kimefika palepale kwa njia yake: kutokana na kaa tumepata mkazi na makazi, kama penda ilivyozaa mapenzi na lea ikazaa malezi. Wapo wanaoandika mazingira badala yake, nami nadhani wanakosea, maana mazingira ni vyote vinavyomzunguka kiumbe, vinavyomfaa na visivyomfaa. Maskani ina ladha nzuri ya zamani, ila mitaani leo ni kijiwe cha vijana, na makao yamekwishachukuliwa na ofisi kuu za mashirika. Makazi yanashinda kwa sababu ya kitenzi kilichomo ndani yake. Kukaa, kwa Kiswahili, kuna kudumu ndani yake. Ndiyo maana kitambaa kigumu husemwa kwamba kinakaa. Abiria aliyelala siku mbili Mbamba Bay akisubiri meli hakai Mbamba Bay, amefikia tu, na hakuna mtendaji atakayemwandika katika rejesta ya wakazi.

Tofauti hiyo ya kukaa na kufikia ndiyo inayomhusu kibibi. Familia yake, Coccinellidae, ina spishi zipatazo 6,000 duniani, na mdudu mpevu wa nyingi kati ya hizo ni msafiri hodari: chini ya lile gamba la mgongoni, jekundu au la manjano lenye madoa, amekunja mabawa yanayoweza kumpeleka kilomita kadhaa. Hutua kwenye mahindi akala chavua, hutua kwenye ua la mwituni akanywa nekta, hutua hata kwenye ukuta wa nyumba. Buu lake halina mabawa. Linakula pale mama alipotaga, au linakufa palepale. Hupitia hatua nne za ubuu, kisha hujigandisha kwenye jani na kuwa bundo, na penye joto la kutosha mdudu mpevu hutokeza katika muda wa kama mwezi mmoja tangu yai kutagwa. Ivo Hodek, mtaalamu wa Kicheki aliyechapisha kitabu kikubwa juu ya wadudu hawa mwaka 1973, alisisitiza kutenganisha chakula kinachomwezesha kibibi kutaga na kukuza watoto na kile kinachomzuia tu asife njaa. Kibibi anaweza kutafuna vidukari wa aina fulani siku nyingi bila kutaga hata yai moja. Basi mdudu mpevu aliyekutwa juu ya jani, hata akiwa na kidukari mdomoni, hajathibitisha makazi. Mayai ya manjano yaliyopangwa wima chini ya jani yanakaribia kuthibitisha, ingawa vidukari wanaweza kuondoka kabla mabuu hayajashiba. Ganda tupu la bundo ndilo linalomaliza ubishi, kwa kuwa linasema kwamba mtoto alikula hapa mpaka akakua.

Tuupeleke ushahidi huo kwenye ngoro. Wamatengo hukata majani, huyalaza kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, pakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo kuelekea mwisho wa mvua, mahindi hufuata msimu wa mvua unaokuja. Kwenye maharage huingia vidukari weusi, Aphis fabae, na vidukari huwavuta vibibi wa jenasi Cheilomenes, kama Cheilomenes lunata na Cheilomenes sulphurea, walioenea sana Afrika. Sasa mtu akijaza "ngoro" katika safu ya makazi amejibu kwa niaba ya mkulima, si kwa niaba ya mdudu. Ngoro ya mwezi wenye maharage yaliyoshambuliwa ni makazi. Ngoro ileile ikiwa na mahindi yaliyokauka ni kitu kingine kabisa kwa mla vidukari. Ramani haitabadilika, wala jina la shamba, lakini makazi yatakuwa yametoweka na huenda yakarudi mwaka ujao mteremko wa pili.

Katika kahawa tofauti inakuwa nyembamba zaidi, na hapa ndipo safu ya makazi inapostahili mistari mitatu badala ya neno moja. Vidugamba wa kijani hung'ang'ania upande wa chini wa majani na kwenye machipukizi, wakinyonya utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi huyapenda majimaji hayo na huwalinda vidugamba kama mali yao. Vibibi wa jenasi Chilocorus, wadogo, weusi, wa kung'aa, ni walaji wa vidugamba, lakini sisimizi huwafukuza. Kenya ilijifunza jambo la namna hii miaka ya 1920 na 1930, vidung'ata (wale wadudu wenye unga mweupe) walipoivamia kahawa: wakulima walipaka utepe wa grisi kwenye mashina ili sisimizi wasipande, na maadui wa asili wakapata nafasi. Kwa hiyo mibuni miwili iliyopandwa siku moja katika shamba moja, mmoja una njia ya sisimizi na mwingine hauna, inaweza kuwa makazi na yasiyo makazi ya kibibi yuleyule. Kituo cha Ugano cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania kiko Mbinga hiyohiyo. Fomu yoyote itakayotumika wilayani humo ingefaa iwe na nafasi ya kuandika sisimizi kabla ya nafasi ya kuandika aina ya mbuni.

Ufukweni hoja inapata mfano mkubwa kuliko wote. Muhogo ndio chakula cha watu wengi wa pwani ya Nyasa, na kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, mwenye asili ya Amerika ya Kusini, alionekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akasambaa katika nchi za muhogo, na kufika Tanzania katika miaka ya 1980. Aliyemshinda ni nyigu mdogo kuliko punje ya ulezi, Anagyrus lopezi, aliyeletwa kutoka Paraguai na kuachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981 katika mradi ulioongozwa na Hans Herren. Kazi hiyo ilimpatia Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Vibibi nao walihusika. Wengine waliletwa kutoka ng'ambo pamoja na nyigu, na wenyeji walijaa kwenye mihogo iliyoelemewa. Hata hivyo sifa ilikwenda kwa nyigu, kwa sababu vibibi hufuata wingi: chakula kikipungua, wanaondoka. Aliyewahesabu vibibi wapevu wakati wa mlipuko angeandika kwamba muhogo ni makazi yao makuu, na baada ya kidung'ata kudhibitiwa angeandika kwamba wametoweka. Hesabu zote mbili zingekuwa sahihi, na neno makazi lingekuwa limetumika vibaya mara zote mbili.

Kuna kichekesho kichungu katika muhogo huohuo. Mabuu ya vibibi wa jenasi Hyperaspis na Scymnus hujifunika nta nyeupe yenye nyuzinyuzi, hivi kwamba yanafanana na vidung'ata wanaowala. Mkulima mwangalifu, yule anayepita shambani kila asubuhi na kufinya kila cheupe anachokiona, anaua walinzi wake pamoja na mwizi. Mhesabuji asiyefundishwa anafanya hivyohivyo kwenye karatasi: anachukua ushahidi bora kabisa wa makazi ya kibibi na kuuandika kama ushahidi wa kidung'ata.

Kwa vibibi wala majani mambo ni mepesi, na sitakawia hapo. Chnootriba similis hula majani ya mahindi na nafaka nyingine, na hutajwa pia miongoni mwa wadudu wanaoweza kusambaza virusi vya ugonjwa wa manjano wa mpunga. Henosepilachna elaterii hula maboga na jamaa zake. Mmea ni chakula cha mzazi na cha mtoto, kwa hiyo jina la mmea peke yake linakaribia kutosha. Nadhani ndio waliotuzoesha uvivu wa kujaza jina la zao na kuendelea na safu inayofuata.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwenye kiangazi. Mbinga ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Baada ya hapo mimea mingi ya mashambani hukauka, na mdudu mpevu lazima ajihifadhi mahali asipoweza kuzaa. Mfano maarufu uko Marekani, ambako Hippodamia convergens huruka kwenda milima ya Sierra Nevada ya California na kukusanyika kwa maelfu chini ya majani makavu. Hawali cha maana wala hawatagi, lakini ukiichoma sehemu ile mwaka mmoja, mabondeni hawatashuka. Je, mahali pasipokuwa na buu hata moja lakini panapobeba maisha ya spishi nzima, tupanyime jina la makazi? Pingamizi hili lina haki, nami nalikubali nusu. Neno makazi libaki kwa mahali kizazi kinapokamilika, na mahali pa kujificha kiangazi paitwe kwa jina lake: kimbilio. Katika bustani za mabondeni, ambako mboga na maharage mabichi huendelea kwa unyevu hata Agosti, vyote viwili vinaweza kukutana, na hapo fomu iandike vyote viwili. Tukilitanua neno makazi ili lifunike kimbilio, kituo cha njiani na ukuta uliotuliwa mara moja, litakuwa halitofautishi chochote.

Pingamizi la pili ni la watendaji. Wanasema: mabuu hayatambuliki. Mwanafunzi wa sekondari wa Liuli anaweza kujifunza madoa ya mgongoni kwa siku moja, bali kulitaja buu jeusi lenye miiba kwa spishi yake ni kazi ya chuo kikuu. Uingereza, nchi iliyotoa atlasi yake ya vibibi mwaka 2011 ikiwa na spishi 47 tu kwa Uingereza na Ayalandi pamoja, ilitegemea maelfu ya wananchi wa kawaida, na wananchi huona vibibi wapevu kwanza. Ni kweli. Lakini atlasi ile ilijengwa katika nchi ambako karibu kila mmea na kila mdudu alikwishaandikwa kwa zaidi ya karne moja. Aliyetaja mahali alikuwa ametaja mengi bila kujua. Kwetu fomu haina urithi huo wa kuegemea. Tena kazi ya mabuu haihitaji majina shambani. Hutiwa kwenye makopo, moja kwa kila kopo kwa sababu hulana, yakapewa vidukari wa mmea uleule yalikookotwa, na baada ya wiki chache mdudu mpevu hujitaja mwenyewe kwa mgongo wake. Kama amekua kwa chakula kile, fomu imepata jina la spishi na kipande cha ushahidi wa makazi kwa mkupuo mmoja.

Limebaki lalamiko la wanalugha, kwamba neno limekwisha kutumika: makazi ni nyumba za watu na mipango miji, na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi liko Nairobi. Sioni hatari. Hakuna atakayedhani kibibi anahitaji kiwanja kilichopimwa. Ugumu wa kweli wa kisarufi ni mwingine: makazi hayana umoja. "Makazi ya spishi hii" yanaweza kuwa mahali pamoja au mahali kumi, na jedwali lenye kichwa "idadi ya makazi" litamchanganya msomaji na wakazi wa kata. Basi kitu kinachohesabiwa kiitwe aina ya makazi, na kila aina itajwe kwa mambo manne: mmea, windo, hatua ya mdudu aliyeonekana, na mwezi. "Maharage kwenye ngoro, vidukari weusi, mabuu na mabundo, Mei" ni ingizo refu, lakini mtu aliyeko Songea au Dodoma anaweza kulifanyia kazi bila kufika Mbinga.

Urefu huo utalipa pale Harmonia axyridis atakapohusika. Kibibi huyu wa Asia, anayewashindania wenyeji chakula na kula watoto wao, alikwishaonekana Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na taarifa ya kuonekana kwake Kenya ilichapishwa mwaka 2011. Mmoja akiokotwa kesho kwenye gati ya Mbamba Bay, habari itaenea kwamba ameingia Ziwa Nyasa. Fomu inayotenganisha madai itaandika kwamba amefikia, na kuacha safu ya makazi wazi mpaka mtu apande mlimani na kurudi na bundo.