Maonyesho ya Mifugo Ukambani, 1902–1939

Maonyesho ya mifugo ni mkusanyiko ambapo wafugaji huleta wanyama wao uwanjani, wakapangwa kwa mbegu, jinsia na umri, kisha mwamuzi akawakagua na kutoa tuzo. Nchini Kenya desturi hii ililetwa na walowezi wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa Ukambani, yaani Machakos na Kitui za wakati huo, ikiwemo nchi ya Kalamba, Kilili na Nzaui ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni, historia yake ina kioja kimoja: ng'ombe wa Mkamba alikaguliwa sana na serikali, lakini si kwa ajili ya kupewa utepe. Kalamba yenyewe ilikuwa chini ya Machakos hadi 1992, Makueni ilipofanywa wilaya.

Chimbuko la maonyesho haya ni Uingereza. Katika karne ya 18 mfugaji Robert Bakewell alionyesha kwamba umbo la kondoo na ng'ombe huweza kubadilishwa kwa kuchagua madume na kupandisha wanyama wa damu moja. Klabu ya mifugo ya Smithfield ikaanzishwa mwaka 1798, na Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza kikafanya maonyesho yake ya kwanza Oxford mwaka 1839. Tuzo ilikuwa na kazi ya biashara. Fahali aliyeshinda alipandisha bei ya ndama wake wote, na mwenye zizi alirudi nyumbani na wateja.

Chama cha walowezi cha kilimo na bustani cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1901, wakati wa utawala wa Sir Charles Eliot, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Nairobi mwaka 1902, mahali palipokuja kuwa Bustani ya Jeevanjee. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwezi Mei 1899, kwa hiyo mji wenyewe ulikuwa kambi ya mabati na matope. Hata mifugo bora ya kuonyesha ilikuwa haba. Mlowezi Lord Delamere, aliyepewa ardhi Njoro mwaka 1903, aliagiza kondoo wa Merino kutoka New Zealand na ng'ombe wa Uingereza, akapoteza wengi kwa maradhi na kwa upungufu wa madini katika majani ya malisho yake. Walowezi wengi walianza kwa kununua mitamba ya kienyeji na kuwapandisha kwa fahali wa Shorthorn au Hereford. Ng'ombe wa gredi wa Kenya, ambaye vizazi vya baadaye vilimwona mgeni mtupu, mama yake alikuwa zebu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu. Kitabu cha kusajili nasaba za mifugo kilianzishwa mwaka 1920, na tangu hapo mnyama bila karatasi akawa nyuma ya mwenzake hata kabla ya kuingia uwanjani.

Uamuzi wenyewe ulikuwa kazi ya macho na mikono. Mwamuzi alimzunguka ng'ombe kwanza akiwa mbali, aone kama mgongo umenyooka kutoka mabegani hadi mkiani. Alimwamuru mchungaji amtembeze ili aone mguu unavyokanyaga. Halafu alisogea: akabana ngozi ya mbavu kati ya vidole kupima ulaini wake, akapapasa mapaja kutafuta nyama, na kwa jike akashika kiwele kuona kama kimeshikamana vyema na tumbo na chuchu zimepangana sawa. Zebu mdogo wa Ukambani angeanguka karibu kila kipimo hiki. Ana nundu, pembe fupi, mapaja membamba, na maziwa yake hutosha ndama na kibuyu kimoja. Mambo anayoyaweza hayapimwi katika mzunguko mmoja wa uwanja: kwenda mbali kunywa maji, kula majani makavu ya Septemba, na kustahimili kupe wanaoleta ndigana, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Ulaya.

Wakamba walikuwa na mizani yao. Ng'ombe alikuwa akiba dhidi ya njaa, na kumbukumbu ilikuwa bado mbichi: katika miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe ilipita Afrika Mashariki nzima, kisha mwishoni mwa muongo huo ikaja njaa kubwa ambayo Ukambani inaitwa Ngomanisye. Aliyebaki na ng'ombe 10 hata wakikonda alikuwa na pa kuanzia. Mwenye 2 wanono alikuwa hatarini. Ndiyo maana kundi liligawanywa, wengine wakiwa nyumbani na wengine kwenye syengo, makambi ya malisho ya mbali, ili ugonjwa au ukame usiwakute wote mahali pamoja. Koo zilikuwa na alama zao za kuchoma, na Gerhard Lindblom, Msweden aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliziandika katika kitabu chake juu ya Wakamba.

Ukaguzi mkali kuliko wote ulifanyika nyumbani kwa binti. Mbuzi wa ntheo, ambao hutangulia mambo mengine yote ya ndoa, hawapokelewi kwa kuhesabiwa tu. Wazee huwashika mdomo wakaangalia meno, wakawapapasa mgongo, wakatazama kama jike ni wa kuzaa au amekwisha zeeka. Mbuzi kilema ni matusi. Hapo kuna waamuzi na vigezo, tena kuna kushindwa kwa aibu mbele ya watu. Kilichokosekana ni kikombe cha fedha tu. Kwingineko Afrika Mashariki palikuwa na gwaride kabisa: nchini Rwanda ng'ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu mno, walipambwa na kupitishwa mbele ya mwami, yaani mfalme, huku washairi wakiwasifu mmoja mmoja. Mgeni aliyedhani kwamba Waafrika walihitaji kufundishwa kutazama ng'ombe hakuwa ametazama vizuri yeye mwenyewe.

Soko la ng'ombe wa Mkamba nalo lilifungwa. Kwa kuogopa homa ya mapafu ya ng'ombe na tauni, idara ya mifugo iliweka karantini katika maeneo ya Wakamba mara kwa mara na kwa vipindi virefu. Mifugo haikuruhusiwa kuvuka kwenda kwenye mashamba ya walowezi ya Mua na tambarare za Kapiti, ambazo zamani zilikuwa malisho ya Wakamba na Wamaasai. Mfugaji wa Machakos aliambiwa ana ng'ombe wengi mno, na wakati huohuo akazuiwa kuwauza kwa bei ya kawaida. Tume ya Kilimo ya mwaka 1929 chini ya Sir Daniel Hall ilitaja hali ya Machakos kwa maneno makali. Tume ya Ardhi ya 1932–1934 ilirudia hayo, na mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti nyingine kuhusu Machakos. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Makorongo yalionekana kwa macho. Lakini lawama iliangushwa kwa ng'ombe, na ardhi iliyochukuliwa ikatajwa kwa sauti ya chini.

Mwaka 1938 serikali ikaanza kupunguza mifugo kwa nguvu katika Machakos. Kila eneo lilipangiwa idadi ya ng'ombe linaoweza kubeba. Wenye kundi walitakiwa kuwaleta ng'ombe mahali pa kukagulia, waliokubaliwa wakapigwa chapa, na waliozidi wakapelekwa mnadani. Mnunuzi mkubwa alijulikana kabla ya mnada kufunguliwa: kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi na wa bei ya chini. Ukitazama taratibu zake, kazi ile ilifanana na shoo ya kilimo kwa kila kitu isipokuwa hiari: ua, foleni ya wanyama, afisa anayekata shauri kwa jicho, na alama inayobaki mwilini mwa mnyama. Kwenye shoo aliyeshindwa hurudi nyumbani bila utepe. Hapa hakurudi.

Wakamba walikataa chapa. Chama cha Ukamba Members Association kiliundwa, na kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Samuel Muindi Mbingu. Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi karibu na Kariokor, wakidai kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Walikaa kwa wiki kadhaa. Gavana hakuwapokea huko. Alikwenda Machakos mwezi Agosti akafanya baraza. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, alikokaa hadi 1946. Hata hivyo mpango wenyewe ulishindwa. Kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa lazima, na inaaminika kwamba jambo moja lililoitia hofu lilikuwa idadi kubwa ya Wakamba waliokuwa askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) na polisi. Jijini Nairobi leo, Mtaa wa Muindi Mbingu unapita ubavuni mwa Bustani ya Jeevanjee.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939 jeshi lilitaka nyama, na ng'ombe wa Ukambani wakachukuliwa kwa njia nyingine. Kiwanda cha Athi River kilikuja kuwa cha Kenya Meat Commission, iliyoanzishwa mwaka 1950. Miaka ya mwisho ya 1940 serikali ilifungua makazi mapya Makueni, katika nyika iliyokuwa ya mbung'o, kwa kufyeka vichaka na kuhamisha familia kutoka milima iliyosongamana. Baada ya uhuru chama cha walowezi kikawa Chama cha Kilimo cha Kenya, na viwanja vya maonyesho vya Machakos na Ithookwe, Kitui, vikawa mahali ambapo wafugaji wa Ukambani huleta mbuzi na ng'ombe wao kwa hiari. Kuhusu zebu, mlango ulikuwa umekwisha funguka kidogo kabla ya hapo: mwaka 1951 wafugaji wa Boran, ng'ombe mwenye nundu kutoka nchi ya Waborana, waliunda chama chao, wakaanza kuandika nasaba za mnyama ambaye miaka 30 nyuma hakuwa na kundi la kuingia uwanjani.