Masalia

Mama mmoja wa Busasamana, kule juu kwenye mashamba ya viazi, jirani na mpaka wa Kongo, aliniuliza: "Mwanangu, masalia si makombo? Mbona mnayapigia magoti?"

Hakukosea. Masalia ya mazao ni mabua yanayobaki shambani. Lakini kitenzi *kusalia* ni viwili katika vazi moja. Kimoja chatokana na *kusaa*, yaani kubaki: siku tatu zimesalia. Kingine ni *kusali*: tunamsalia maiti, Waislamu wanamsalia Mtume. Masalia ni mtoto wa kile cha kwanza, ila sikio husikia vyote viwili. Nadhani ndiyo maana neno limekaa vizuri kanisani, ambako sheria ya Kikatoliki inataka desturi ya kuweka masalia ya mashahidi chini ya altare isiyohamishika idumishwe.

*Mabaki* ni ndugu yake, ila baridi: mabaki ya ndege iliyoanguka. Sasa, tuliite nini jino la Patrice Lumumba? Aliuawa Januari 1961, mwili ukayeyushwa kwa asidi. Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino hilo moja, lenye kifuniko cha dhahabu. Likawekwa kwenye jeneza la kimo cha mtu, likapelekwa Sankuru alikozaliwa, Kisangani, Shilatembo alikouawa, hadi likazikwa Kinshasa tarehe 30.

Mimi naandika masalia. Yule mama, nilipomsimulia, aliuliza tu kama mjane wa Lumumba alikuwa hai bado.