Pompeii: mji tunaoujua kwa siku yake ya mwisho tu

Kwenye ukuta mmoja wa Pompeii palipatikana tangazo la upangaji lililoandikwa kwa rangi. Mwenye mali, Gnaeus Alleius Nigidius Maius, anawaarifu watu kuwa kuanzia tarehe 1 Julai atakuwa na fremu za maduka zenye vyumba vya juu, vyumba vya ghorofani vya watu wa heshima, na nyumba nzima. Anayetaka kupanga amwone Primus, mtumwa wake. Bei haikutajwa. Hata zamani hizo bei ilisubiri muonane ana kwa ana.

Wengi tumeusikia mji huu kwa maangamizi yake. Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 B.K., kokoto na majivu ya volkano yakaufukia, na ukasahaulika mpaka uchimbaji ulipoanza mwaka 1748. Kisha mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina plasta katika nafasi tupu zilizoachwa na miili iliyooza ndani ya majivu, na tangu hapo kila kitabu kinachotaja Pompeii hutuonyesha watu wale waliojikunyata. Ni picha za kuhuzunisha, sikatai. Lakini zimetufanya tuwajue watu hawa kama maiti tu, ilhali kuta zao zimejaa maneno waliyoyaandika wakiwa hai. Hata tarehe ya mlipuko imeguswa na kuta hizo. Ilizoeleka kusemwa kuwa ni 24 Agosti, hadi mwaka 2018 yalipopatikana maandishi ya mkaa yenye tarehe ya 17 Oktoba. Kwa kawaida mkaa haudumu ukutani, kwa hiyo wataalamu wengi sasa wanaamini kuwa mlima ulilipuka Oktoba.

Pompeii ulikuwa mji wa wastani, kusini mwa Italia, karibu na Ghuba ya Napoli. Eneo lililozungukwa na kuta zake lilikuwa hekta 66 hivi, na wakazi wake wanakadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 12,000. Warumi hawakuuanzisha, waliukuta. Jenerali wao Sulla aliufanya koloni la Roma mwaka 80 K.K. na kuwaleta askari wake wastaafu, ambao bila shaka hawakupokewa kwa vigelegele.

Ndani ya mji hapakuwa na uzunguni wala uswahilini. Nyumba ya tajiri ilibanwa na maduka, mengi yakiwa mali yake mwenyewe. Uliingia kwa mlango uliokaa kati ya fremu mbili, ukatokea kwenye ukumbi wenye paa lililoachwa wazi katikati, maji ya mvua yakidondokea kwenye birika la mraba sakafuni. Hapo ndipo bwana alipowapokea asubuhi wadeni wake, wapangaji wake na watumwa aliowaacha huru, waliokuja kumsalimu na kueleza shida zao. Nyumba inayoitwa ya Fauno ilichukua karibu mita za mraba 3,000. Hatua chache nje ya mlango wa nyumba kama hiyo, mwenye duka alilala kwenye dari ya mbao juu ya bidhaa zake, akipandia ngazi.

Aliyelala darini hakuwa na jiko. Alikula kwa mama lishe, tungesema sisi. Zaidi ya vibanda 100 vya chakula na vinywaji vimetambuliwa, vikiwa na kaunta za mawe zilizozamishwa mitungi ndani yake. Kimoja kilichofukuliwa mwaka 2020 kilikuwa na mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono, na kaunta yake ilikuwa bado na picha za bata na kuku zilizochorwa kwa rangi. Katika baa moja, maandishi ya ukutani yaliwapa wateja bei bila kuficha: sarafu moja mvinyo wa kawaida, mbili ulio bora, nne mvinyo wa Falerno.

Mkate nao ulinunuliwa. Mji ulikuwa na viwanda vya mkate zaidi ya 30, na katika tanuri la kimoja wachimbaji walikuta mikate 81 iliyogeuka mkaa, ya mviringo, kila mmoja ukiwa umechorwa mistari ya kuukata vipande 8. Mwaka 2023 kilipatikana kiwanda kingine ambacho picha yake hainitoki. Hakikuwa na mlango wa kutokea barabarani, na madirisha yake madogo yalizibwa kwa nondo za chuma. Sakafu ilikuwa imechongwa alama za mwendo wa duara, ili punda waliofungwa macho wazunguke mawe ya kusagia bila kugongana. Watumwa walifungiwa humo pamoja na punda hao. Unga wa mji ulisagwa hivyo.

Utumwa ulikuwa kila mahali Pompeii, ila haukuwa wa sura moja. Mmoja alikufa akisukuma jiwe la kusagia, mwingine, kama Primus, alishika biashara za bwana wake, na mwingine aliachwa huru akatajirika. Nyumba ya Vettii, inayosifiwa kwa michoro yake, ilikuwa ya watu wawili wanaoaminika kuwa waliwahi kuwa watumwa. Hata hivyo, aliyeachwa huru hakuruhusiwa kugombea uongozi hata awe na fedha kiasi gani. Mwanawe aliyezaliwa baadaye ndiye aliyeruhusiwa. Basi tetemeko la ardhi la mwaka 62 lilipobomoa hekalu la Isis, mungu wa kike aliyetoka Misri, lilijengwa upya kwa jina la Numerius Popidius Celsinus, na kwa ukarimu huo baraza la mji likamfanya diwani bila malipo. Maandishi ya hekaluni yanataja umri wa mfadhili huyo: miaka 6. Aliyelipa ni baba yake, Popidius Ampliatus, ambaye wanahistoria wanamwona kuwa alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Kwangu, maandishi hayo mafupi yanaueleza mji kuliko michoro yote ya Vettii. Sheria ilimfungia baba mlango, naye akamwingiza mtoto kwa mlango wa hekalu, na madiwani wakapiga makofi.

Madobi nao walikuwa na nguvu yao. Walizikanyaga nguo kwa miguu ndani ya mabeseni ya maji yaliyochanganywa na mkojo uliochacha, maana mkojo huo huondoa mafuta. Kazi ilinuka, lakini iliwalipa kiasi cha kumsimamishia sanamu Eumachia, kuhani mwanamke aliyejenga moja ya majengo makubwa kwenye uwanja mkuu wa mji.

Kila mwaka mji ulichagua viongozi wanne, wawili wakuu na wawili wa kusimamia barabara, masoko na majengo ya umma. Matangazo ya kampeni zaidi ya 2,500 yamesomwa kwenye kuta, mengi kwa rangi nyekundu au nyeusi, na wapambe wanajitaja: waoka mikate, wauza matunda, waendesha nyumbu, wafua dhahabu. Wanawake hawakupiga kura wala kugombea, lakini majina yao yamo miongoni mwa wapambe. Mgombea aitwaye Vatia aliandikiwa kuwa anaungwa mkono na vibaka, na wanaokunywa hadi usiku wa manane, na wote waliolala. Ama ni mahasimu waliomchafua, ama ni rafiki zake waliokuwa wakimtania. Waandishi wa matangazo walikuwa mafundi wa kulipwa na wengi walifanya kazi usiku. Mmoja wao, Aemilius Celer, kwenye tangazo la michezo ya mapigano alikumbuka kuongeza kuwa ameandika peke yake, kwa mbalamwezi.

Michezo hiyo ilikuwa na washabiki wakali. Mwaka 59, ndani ya uwanja uliochukua watu wapatao 20,000, watu wa Pompeii na wageni wao kutoka mji jirani wa Nuceria walianza kwa matusi, wakaenda kwenye mawe, wakamalizia kwa silaha. Seneti ya Roma ikaupiga mji marufuku ya miaka 10 kuandaa michezo.

Karibu theluthi moja ya Pompeii bado imefukiwa, na ni vizuri ibaki hivyo kwa sasa. Kilichofukuliwa huliwa na mvua, jua na miguu ya watalii. Mwaka 2010 jengo la wapiganaji liliporomoka lenyewe. Majivu yanatunza kuliko tunavyotunza sisi. Atakayebahatika kufika Napoli apande treni ya Circumvesuviana, ashuke Pompei Scavi, lango la Porta Marina liko hatua chache tu. Umati utakimbilia Nyumba ya Vettii. Yeye aanze na Via dell'Abbondanza, mtaa wa maduka, atazame kaunta na mawe ya kusagia, na asipite ukuta wowote wenye maandishi bila kuuliza umeandikwa nini.