Tai, Furukombe na Kipungu: Majina ya Ndege Mbuai na Msomaji wa Masimba

Kwa Waadventista Wasabato wa Masimba, kama kwa wenzao kote Ugusii, sura ya 11 ya Mambo ya Walawi si kumbukumbu ya kale tu. Ni mwongozo wa chakula unaofuatwa hadi leo. Katika aya ya 13 msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukuta ndege watatu wakitajwa mfululizo: tai, furukombe na kipungu. Yamkini hapana mtu wa Masimba aliyepata kuwatamani ndege hao mezani, na kwa hiyo mtu aweza kudhani kuwa kuwatambua hakuna uzito. Makala haya yanadai kinyume chake. Jina la ndege hubeba taswira, na taswira ikikosewa mahali pamoja huvunjika mahali pengi.

Tuanze na tai. Neno la Kiebrania ni nesher. Wafasiri wa Kiyunani, kabla ya Kristo, waliliandika aetos. Jerome akaliandika aquila kwa Kilatini. Na tafsiri ya Kiingereza ya 1611 ikafuata njia iyo hiyo, yaani ndege wa fahari awindaye kwa makucha. Lakini Mika 1:16 hutaja upara wa nesher, na ndege huyo wa fahari hana upara. Kasisi Mwingereza H. B. Tristram, katika kitabu chake cha 1867 kuhusu viumbe wa Biblia, alishikilia kuwa nesher ni tumbusi mkubwa, ambaye kichwa na shingo yake havina ila manyoya mafupi laini. Mwaka 1955 G. R. Driver aliipitia upya orodha nzima na kubadilisha majina mengi, ubishi haujakwisha.

Mfasiri wa Kiingereza hana budi kuchagua. Penye mzoga, katika Mathayo 24:28, tafsiri kadhaa za karne ya 20 zimemweka tumbusi. Penye kupaa kwa nguvu, katika Isaya 40:31, zikambakiza yule wa fahari. Uzi unaowaunganisha ndege hao wawili umekatwa. Tafsiri ya Muungano ya 1952, iliyokusudiwa kuzirithi ile ya Unguja (1891) na ile ya Mombasa (1914), ina tai kotekote. Nasi twajua kwamba katika mazungumzo ya kawaida tai ni jina pana: huitwa hivyo awindaye, na huitwa hivyo alaye mizoga. Anayekilaumu Kiswahili kwa kukosa usahihi wa kisayansi hapa angefikiri tena. Upana huo umeuhifadhi utata wa Kiebrania, ambamo ndege yule yule hupaa na hushukia maiti.

Furukombe hana bahati hiyo. Mahali pake Kiebrania kina peres, jina litokanalo na mzizi wa kuvunja, na wengi humtambua kuwa ni tai mwenye ndevu, aangushaye mifupa juu ya miamba ili ipasuke. Furukombe tumjuaye ni mla samaki wa pwani na maziwa. Ajabu ni kwamba ndege wa tatu katika orodha, ozniyah, ndiye ambaye Wayunani walimwita tai wa bahari. Jina lililomfaa wa tatu limepewa wa pili, na wa tatu akaachiwa kipungu, neno ambalo masikioni mwa mvuvi laweza kuwa samaki wa jamii ya taa! Mgusii wa milimani, asiye na bahari wala wavu, huyapokea majina yote mawili kwa imani tu.

Ndege amjuaye kwa macho huja katika aya ya 14: mwewe, ambaye kivuli chake kikipita uani kuku hukusanya vifaranga vyake. Anayefuata ni kozi, ambaye kamusi zetu zina mazoea ya kumfafanua kuwa ni ndege kama mwewe, kisha basi. Lakini Walawi yenyewe haikumbana kozi katika umbo moja. Imemtaja pamoja na aina zake, bila kuzihesabu.